Nimelipa watu wa usafi 180,000 waniulie sakafu ya mbao ya marehemu mzee

Wakuu, kama una presha pita kushoto, maana hapa naandika huku mikono inatetemeka.

Nyumba ni ya marehemu mzee, iko Tanga, imejengwa enzi zile mkonge ukiwa mkonge. Sebule na korido ni vibao vya muhugu, vidogo tu vya urefu wa kiganja, vimepangwa hawa wamelala hawa wamesimama, utadhani mkeka. Kwa asiyeujua muhugu: ni mti wa ukanda wetu huu wa pwani, mzito, mgumu mpaka msumari unapinda, una kaharufu katamu, Wakamba wanauchonga vinyago. Sakafu hiyo imekanyagwa na watoto 7, wajukuu, harusi na matanga. Haikuwahi kulalamika.

Sasa tulikuwa na shughuli, nikasema ngoja nisimchoshe dada wa kazi, nikaita kampuni ya usafi. Wakaja na fulana za kufanana na mashine inanguruma. Nikawaachia funguo, nikaenda zangu kazini. Hapo nilikosea, najua, msinianze.

Narudi jioni, harufu ya jiki inanipokea getini. Sebuleni maji yamesimama kwenye pembe, dogo mmoja yuko peku anayasukuma kwa mpira kama yuko kwenye kuosha magari. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii ni mbao!" Ananijibu, "Usijali bosi, uchafu wote leo unatoka."

Ukatoka kweli. Kumbe kabla ya maji walishasugua nta ya zamani kwa mafuta ya taa. Vibao vya zamani vile vimegandishwa kwa lami, na mafuta ya taa yanayeyusha lami, mtoto wa gereji anajua hilo! Usiku wa pili, mida ya saa nane, nasikia ta! Kimya. Ta! tena. Mbao ikinywa maji inatanuka upana, na hivi vimebanana ukuta hadi ukuta, vitaenda wapi? Vinapanda juu. Asubuhi katikati ya sebule pana kichuguu, ukikanyaga vinalia kama marimba, na soksi nyeupe ya binti yangu imegeuka nyeusi kisiginoni. Palipopita jiki pamebaki mabaka meupe.

Nampigia bosi wao. "Mbao zako zilishaoza, mzee." Zimeoza! Akamalizia kwa kunishauri niweke tailizi, eti anao vijana.

Shida yenyewe ndiyo hiyo. Hawa watu wamejifunza kazi kwenye tailizi, basi kila kitu kinapigwa deki ile ile.

Mzee hakusomea usafi popote. Kila asubuhi fagio la nywele laini, chelewa marufuku, kwa sababu mchanga ukikokotwa juu ya mbao ni msasa tosha. Tambara linakamuliwa mpaka halidondoshi tone, unafuata mstari wa mbao, nyuma yako anakuja mtu na kavu. Chai ikimwagika unafuta papo hapo, habari za "nitafuta baadaye" zilikuwa na kofi lake. Mara moja moja alidondosha tone la maji sakafuni. Likikaa juu kama lulu, poa. Likizama na kuacha alama nyeusi, Jumamosi ni siku ya nta: inapakwa nyembamba, kisha sisi watoto tunafunga vipande vya blanketi miguuni tunatelezeana korido nzima mpaka inang'aa. Na nyie mnaotuma video za siki na magadi, mwagieni kwenu. Siki ni asidi, inafubaza vanishi taratibu huku unajisifu.

Nimevihesabu, vibao 212 vimeng'oka. Nimevipanga barazani kivulini, nimevikandamiza kwa matofali, juani sivitoi visije vikapasuka. Wameshakuja mafundi watatu. Wawili wamesema tailizi. Wa tatu kakiokota kimoja, kakigeuza, kakinusa, halafu akaniuliza vyote naviuza bei gani.

Mwenye fundi anayejua kukwangua lami ya zamani na kuvirudisha kimoja kimoja, Tanga au hata Dar, nauli nalipa, aje PM. Wa tailizi msije.