Kazi niliyoihifadhi kwenye kompyuta ya chumba cha intaneti imekwenda wapi?

Mwanafunzi wa Katuba

Salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Lubumbashi, na kabla ya mwaka huu sikuwa nimewahi kuketi mbele ya kompyuta. Katika shule ya sekondari niliyosoma tulifundishwa informatiki, yaani elimu ya kompyuta, ubaoni: mwalimu alichora skrini, kibodi na kipanya kwa chaki, nasi tukanakili mchoro huo daftarini na kuuchora tena siku ya mtihani. Nilipata alama nzuri, lakini leo nimetambua kwamba najua majina ya vitu ambavyo mikono yangu haivijui.

Mwezi huu tumepewa kazi ya kurasa 6, ambayo ni lazima ipigwe chapa kwenye kompyuta na kutumwa kwa barua pepe ya profesa ikiwa faili la PDF, yaani aina ya faili ambalo mpangilio wake haubadiliki likifunguliwa kwenye mashine nyingine. Nilikwenda kwenye chumba cha intaneti karibu na soko. Siku ya kwanza nilitumia saa nzima kuandika ukurasa mmoja na nusu, umeme ukakatika, na uliporudi sikukuta hata neno moja. Kijana aliyeketi kando yangu akaniambia kwamba nilipaswa kubofya "Enregistrer", yaani "Hifadhi" kwa Kifaransa. Siku ya pili niliandika upya, nikabofya hapo, nikaona kwa macho yangu alama ndogo ya karatasi yenye jina langu ikitokea kwenye "Bureau", ule uso wa kwanza wa skrini, nikalipa na kwenda nyumbani nimetulia. Kesho yake nilirudi kwenye kiti kilekile na mashine ileile, na karatasi ile haikuwepo. Msimamizi aliniapia kwamba hakuna mtu aliyeifuta.

Sitaki kumshutumu mtu yeyote; ninachotaka ni kuelewa. Maandishi yangu yalikuwa wapi siku ya kwanza, yalikuwa wapi siku ya pili, na nikiyatuma kwa barua pepe yatakaa wapi? Tena kuna jambo dogo ambalo naona haya kuliuliza: nimeshindwa kufungua anwani ya barua pepe kwa sababu siwezi kuandika alama ya @. Kila nikibonyeza kitufe kilichochorwa alama hiyo, inatokea à.

Fundi wa Kamalondo

Mdogo wangu, nianze na hilo unaloliona dogo, kwa maana limewazuia watu wengi mlangoni. Kitufe hicho kina alama tatu. Ukikibonyeza peke yake unapata à. Ukishikilia kwanza kitufe cha "Maj", ambacho ndicho cha herufi kubwa, unapata 0. Na ukishikilia "Alt Gr", iliyo upande wa kulia wa kile kitufe kirefu cha nafasi, unapata @. Hata nukta ya kumalizia sentensi inahitaji "Maj". Kibodi zetu hapa Kongo nyingi ni za mpangilio wa Kifaransa, zinazoanza na A, Z, E, R, T, Y, wakati zile unazoziona kwenye video za mafunzo kutoka Kenya, Tanzania au Marekani huanza na Q, W, E. Ukijifunza kwa video hizo vidole vyako vitapotea, wala kosa si lako.

Sasa nije kwenye maandishi ya siku ya kwanza. Ukija mezani kwangu nikakufungulia kasha la kompyuta, nitakuonyesha vitu viwili. Cha kwanza ni kipande chembamba, urefu wake kama kiganja, chenye meno ya rangi ya dhahabu yanayoingia kwenye ubao mkubwa wa mashine. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kazi: ni ya haraka mno, lakini inashika maandishi kwa nguvu ya umeme tu, na umeme ukiondoka haibaki na kitu. Cha pili ni diski, iliyo ya polepole zaidi, lakini inaendelea kushika ulichoiandikia hata kama mashine imezimwa mwaka mzima. Kila herufi unayoibonyeza huingia kwanza katika kile kipande cha meno ya dhahabu, na "Enregistrer" maana yake ni kuiamuru mashine ichukue yaliyomo humo na kuyaandika kwenye diski. Kwa hiyo ukurasa wako na nusu haukupotea kutoka mahali ulipokuwa umewekwa, kwa sababu ulikuwa haujawekwa mahali popote.

Wewe unaijua Lubumbashi na umeme wake. Kompyuta ya mezani haina betri, na ondulere, ile inayoipa mashine dakika chache za kujiokoa umeme unapokatika, haipo katika kila chumba. Word, programu ya kuandikia, ina desturi ya kujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, lakini usiitegemee. Shika "Ctrl" na S, ambayo kazi yake ni ileile ya "Enregistrer", kila unapomaliza aya, mpaka vidole viwe vinafanya hivyo bila kuambiwa.

Mama wa Ruashi

Mwanangu, mimi nilisimamia chumba cha namna hiyo kwa miaka kadhaa, na naamini msimamizi wako alikuambia kweli: hakuna mtu aliyeifuta karatasi yako. Iliyoifuta, kwa dhana yangu, ni mashine yenyewe. Katika vyumba vingi tunaweka programu inayoirudisha diski katika hali yake ya mwanzo kila kompyuta inapozimwa na kuwashwa tena, na chochote ambacho wateja wameacha kwenye "Bureau" au "Documents" kinatoweka. Hatufanyi hivyo kwa ubaya. Wateja walikuwa wanatuletea virusi kutoka kwenye fleshi zao, vile vijiti vidogo vya kubebea mafaili, wengine wakiacha picha za familia na barua zao za siri zikisomwa na kila anayeketi baada yao, na asubuhi moja nilikuta mashine 5 haziwaki kabisa. Ila tulipaswa kuwatangazia wateja kwa maandishi makubwa ukutani, na hilo mara nyingi hatukulifanya. Machozi niliyoyaona kwa ajili ya kazi za shule zilizopotea namna hii yaliniumiza.

Kwa hiyo nunua fleshi yako mwenyewe. Ukishaichomeka, usibofye "Enregistrer" kwa haraka. Chagua "Enregistrer sous" (hifadhi mahali unapochagua), kisha utafute jina la fleshi yako katika orodha, kwa maana mashine inapoachiwa ichague yenyewe huchagua diski yake. Unapomaliza, usiichomoe ghafla. Mara nyingine mashine inakuwa bado haijamaliza kuiandikia, na ukiichomoa wakati huo faili linaweza kuharibika. Bofya kwanza "Éjecter" (toa) na usubiri uambiwe. Na ukifika nyumbani kwa rafiki ukakuta mafaili yote ya fleshi yamegeuka alama za njia ya mkato zisizofunguka vizuri, usilie wala usikubali mtu aiumbe upya fleshi hiyo, yaani afute vyote vilivyomo. Ni virusi vimeyaficha. Ingia "Affichage" (mwonekano), weka alama kwenye "Éléments masqués" (vilivyofichwa), na huenda utayaona yapo palepale. Kisha isafishe fleshi kwa antivirasi kabla ya kuipeleka kwenye mashine nyingine.

Mwalimu, Kampemba

Nawashukuru waliotangulia. Mimi nafundisha informatiki, na nimewahi kuifundisha kwa chaki kama mwalimu wako, si kwa kupenda, bali kwa kuwa na kompyuta moja mbele ya wanafunzi zaidi ya 50. Nakubaliana na mama kuhusu fleshi, lakini mimi naiamini barua pepe kuliko fleshi. Fleshi inadondoka kwenye teksi, inaazimwa na hairudi.

Uliuliza barua pepe inakaa wapi. Inakaa kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa, iliyowekwa mahali penye umeme wa uhakika, mara nyingi mbali sana na hapa. Unapotuma kazi yako, nakala yake inatoka kwenye mashine uliyoketi, inafika kwenye seva inayolinda sanduku lako, kisha inakwenda kwenye seva ya profesa na kumsubiri huko mpaka atakapofungua, hata ikiwa wakati huo simu yake imezima. Alama ile iliyokusumbua inasema hivyo hivyo: mwaka 1971 mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson aliichagua ili itenganishe jina la mtu na jina la mashine inayomtunzia barua. Kabla ya @ ni wewe, baada yake ni nyumba ya barua zako. Ndiyo maana unaweza kujitumia faili lako mwenyewe leo ukiwa sokoni na kulifungua kesho ukiwa maktabani.

Usihofu kwamba itakumalizia mega zako za intaneti. Uzito wa faili hupimwa kwa baiti, na megabaiti ni baiti milioni moja: herufi moja ya kawaida ni baiti 1, ile yenye kilemba kama é ni 2, hivyo ukurasa wa herufi 2,000 hauzidi sana baiti 2,000. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3 ina uzito wa kurasa kama 1,500 za namna hiyo. Zinazomaliza mega ni picha na video. Sanduku la Gmail linakubali kiambatanisho mpaka megabaiti 25, na kazi yako ya maandishi matupu haitakaribia hapo.

Jambo la mwisho kutoka kwangu: ukiondoka chumbani, kufunga dirisha la kivinjari hakutoshi. Bofya "Se déconnecter" (ondoka). Vinginevyo anayeketi baada yako anaweza kuingia katika sanduku lako bila kuulizwa neno la siri.

Mwanafunzi wa Katuba

Mwalimu, mama, na wewe yaya, kaka yangu fundi, nawashukuru kwa moyo wote. Leo asubuhi niliandika @ mara ya kwanza, nikafungua anwani, nikamaliza kurasa 3 na kuzihifadhi kwenye fleshi, kisha nikajitumia nakala. Jioni nilikwenda kwenye chumba kingine kujaribu kuifungua kutoka kwenye barua pepe, nayo ikafunguka, lakini juu yake kuna mstari wa manjano unaosema "Mode protégé" (hali ya ulinzi), na haikubali niongeze hata herufi. Je, nimeiharibu?

Fundi wa Kamalondo

Hujaiharibu. Faili lolote lililotoka kwenye intaneti Word hulifungua kwa kusomwa tu, kwa sababu kuna mafaili yanayobeba virusi ndani yake. Hili ni lako na unajua limetoka wapi, basi bofya "Activer la modification" (ruhusu kubadilisha) kwenye mstari huo huo wa manjano. Lakini kabla hujaongeza neno lolote, fanya "Enregistrer sous" na uliweke kwenye fleshi yako: nakala iliyo mbele yako sasa imo kwenye "Téléchargements" (vilivyopakuliwa) ya mashine hiyo, na mashine hiyo huenda ikasahau kila kitu usiku huu kama ile ya kwanza.