Mrejesho: binti yangu na maombi ya sayansi ya kompyuta Illinois

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa kama binti yangu, sisi wakazi wa jimbo la Ohio, Marekani, ana nafasi ya kusoma kompyuta University of Illinois, Urbana-Champaign. Wengi mlisema ushindani ni mkali mno, na kwamba kuingia kwa kozi nyingine halafu uhamie kompyuta ni kujidanganya. Mlikuwa sahihi, nawashukuru sana.

Mmoja wenu alitaja zile kozi za mchanganyiko, kompyuta pamoja na fani nyingine. Binti akachagua ya kompyuta na isimu, yaani taaluma ya lugha, na si kwa ujanja: alishaandika programu inayopokea kitenzi kama "hawatanipigia" na kukikata vipande, kikanushi, nafsi, wakati, mtendewa hadi mzizi. Kwenye fomu ya maombi, swali la uzoefu wako unaohusiana na kozi lina ukomo wa maneno 150. Alifuta maneno yote ya kujisifu, akaeleza hiyo programu tu, pale inapokwama na alivyoirekebisha. Akatuma kabla ya Novemba 1, ukomo wa maombi ya mapema.

Amekubaliwa! Mama yake alipiga vigelegele mpaka jirani akabisha hodi.

Shida ni ada. Wa nje ya jimbo analipa takriban maradufu, na ule msaada wa Illinois Commitment ni wa wakazi wa Illinois pekee. Mkopo wa kulipia ada kubwa hivyo sitaki aubebe. Chuo cha Ohio State, jimboni kwetu, nako kapata kompyuta, kwa ada ya mkazi. Tumekaa naye, ameridhia, na tumeshathibitisha nafasi huko.