Naomba ushauri: binti yangu ana pumu na anacheza badminton, dawa zake zitamponza?

Wakuu, habari zenu. Binti yangu wa miaka 16 anajiandaa kwa mashindano ya kimataifa ya vijana. Kwa kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni (doping), pampu ya salbutamol, ile ya kufungua njia ya hewa, inaruhusiwa, mradi asizidishe maikrogramu 1600 kwa saa 24, wala 600 ndani ya saa 8. Kinachoninyima usingizi ni vidonge vya prednisolone (dawa ya aina ya steroidi) anavyopewa akibanwa sana: wakati wa mashindano ni marufuku, na mchezaji ndiye anayebeba lawama hata kama dawa kaandikiwa na daktari. Kocha anasema nisihangaike, eti watoto hawapimwi. Siafiki.

Mliowahi kuomba kibali cha kutumia dawa iliyokatazwa kwa ajili ya matibabu, daktari aliambatanisha vipimo gani? Akibanwa ghafla ukumbini nitampa tu vidonge hivyo, uhai kwanza. Je, ombi la baada ya dharura linataka karatasi zipi?