Kifaransa kutoka sifuri, wiki 15, saa 8 kwa wiki: nipange vipi?

Chipukizi
Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa kwanza, uhusiano wa kimataifa, na Kifaransa ni somo la lazima. Kozi ni ya kasi: wiki 15, saa 8 darasani kila wiki, na tulianza bila kujua hata bonjour. Sasa ni wiki ya nne. Sarufi ya kwenye karatasi inaingia, ila imla napata 6 kati ya 20, na nikiongea mwalimu ananirudisha mara tatu. Nje ya darasa nina saa mbili kwa siku. Nizitumieje?

Mkufunzi
Kinachokuangusha ni mazoea ya Kiswahili, ambako kila herufi inatamkwa. Kifaransa hakiko hivyo. Parle, parles na parlent zote zinasikika "parl". Beaucoup ni "boku". Eau ina herufi tatu na sauti moja tu, "o". Ukiisoma sura mpya kwa macho kwanza, kichwa kinajitungia matamshi ya Kiswahili, na mwalimu akitamka neno lilelile unaona ni geni.

Basi geuza utaratibu. Dakika 40 za kwanza, kitabu kikiwa kimefungwa, sikiliza rekodi ya sura mara tatu. Rudia kila sentensi kwa sauti. Ndipo ufungue kitabu uone inavyoandikwa.

Dakika 10 nyingine ni za sauti tusizokuwa nazo. U ya tu: tamka "i", uache ulimi palepale, kisha chongoa midomo kama unayepiga mluzi. Ulimi ukirudi nyuma umeshasema ou (u yetu), na dessus (juu) imekuwa dessous (chini). Irabu za puani, kama bon, banc na bain: ncha ya ulimi isiguse nyuma ya meno. Ikigusa, umeweka "n" ambayo haipo. Jirekodi kwenye simu, kisha ulinganishe na rekodi ya kitabu. Fanya kila siku. Saa nzima ya Jumamosi haifidii, kwa sababu hapa unazoesha misuli.

Na tega sikio kwenye viungo vya maneno. Ils ont ("ilzon") ni "wana". Ils sont ("ilson") ni "wao ni". Tofauti yote iko kwenye z na s. Ukiikosa, sentensi nzima imepinduka.

Mkalimani_Bukavu
Naongezea jambo moja ambalo wanafunzi wa Tanzania na Kenya hawaambiwi vya kutosha: ukitafsiri kichwani, toka kwenye Kiswahili, usipitie Kiingereza. Nina miaka 20 ni j'ai 20 ans. Nina njaa, j'ai faim. Nina kiu, j'ai soif. Anayepitia Kiingereza huandika je suis 20 (mimi ni 20), na hilo ni kosa.

Tazama ninamwona: ni-na-mw-ona. Sasa tazama je le vois. Mtendwa amekaa kabla ya kitenzi, kama kwetu! Ukifika kwenye wakati uliopita, nilimwona ni je l'ai vu. Usiseme j'ai vu le. Nimetoka kula ni je viens de manger, karibu neno kwa neno. Nilikuwa nasoma aliponipigia: la kwanza, lililokuwa likiendelea, linachukua imparfait (je lisais), la pili, lililotokea mara moja, passé composé (il m'a appelé).

"Yake" nayo ni hivyohivyo. Kitabu chake, nyumba yake: umbo linafuata kitu, halimfuati mwenyewe. Ndiyo maana sa mère ni mama yake, awe mtoto huyo ni wa kiume au wa kike.

Chipukizi
Asanteni sana. Hiyo ya ninamwona imenifungua macho. Je, jinsia? Nina maneno kama 200 na nachanganya le (ya kiume) na la (ya kike). Na nijifunze mapya mangapi kwa siku?

Mkufunzi
Kumi na mawili, siku sita kwa wiki. Kwa wiki 11 zilizobaki ni 792, ukijumlisha na uliyonayo unakaribia 1,000. Yarudie siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 16.

Jinsia ichukulie kama ngeli: neno halijakamilika bila hiyo. Ila usiandike l'école kwenye kadi, kwa maana l' inaficha jinsia. Andika une école, un hôtel, wino mwekundu kwa une (ya kike) na wa buluu kwa un (ya kiume). Hapo hutadanganywa na son école (shule yake), ambayo ni son, umbo la kiume, badala ya sa kwa sababu tu neno limeanza na irabu.

Vitenzi: être (kuwa), avoir (kuwa na), aller (kwenda) na faire (kufanya) viwe mdomoni bila kufikiri kabla ya wiki ya sita. Je vais partir (naenda kuondoka, yaani nitaondoka) inakupa wakati ujao mapema, hata kabla hujafundishwa futur, umbo la kitenzi la wakati huo.

Msahihishaji
Nakubaliana na Mkalimani, isipokuwa kwenye saa. Hapo Kiswahili kinaponza: saa mbili asubuhi ni huit heures, si deux heures. Ongeza au toa sita kwanza. Na usishtuke ukimsikia Mkongomani au Mrundi akisema septante (70) na nonante (90). Ni sahihi kwao, ila mtihani wako huenda ukataka soixante-dix na quatre-vingt-dix. Uliza.

Kuhusu imla: usomaji wa kwanza weka kalamu chini, elewa habari. Ikiisha, pitia karatasi mara tatu, kila mara ukitafuta kosa la aina moja. Kwanza wingi: kila les na des, je, nomino ina s au x? Kila ils, je, kitenzi kina -ent au -ont? Mara ya pili, -e ya kike kwenye vivumishi. Mwisho maneno yanayosikika sawa. Ukiweza kuweka avait (alikuwa na) mahali pake, andika a (ana). Ikikataa, andika à (kwa, kwenye). Ikikubali était (alikuwa) ni est (ni), ikikataa ni et (na). Jiwekee dakika tano za kupitia, usiandike mpaka kengele.