Sauti za katuni na gemu: binti aliye Mtwara aanzie wapi?

Mkazi wa Shangani
Wakuu, salaam. Kuna binti wa miaka 21 hapa Shangani, Mtwara. Anaigiza sauti za watoto, vibibi na majini mpaka watu wanageuka kutafuta aliyesema. Anataka iwe kazi yake, katuni na gemu pia. Ana simu nzuri na laptop, maiki hana. Je, ni lazima ahamie Dar? Atarekodi vipi kwenye nyumba ya bati, bodaboda zinapita dirishani? Na sauti ya mtoto wa kiume ataishikaje saa nzima bila koo kukwaruza?

Fundi Mitambo
Dar asiikimbilie. Ni kweli kazi nyingi za Kiswahili ziko huko, na katuni ya elimu ya Ubongo Kids inatengenezwa hukohuko tangu 2014. Lakini usaili wa kwanza siku hizi ni faili unalotuma. Nauli aitoe akishaitwa.

Maiki inaweza kusubiri, chumba hakisubiri. Achague chumba chenye nguo nyingi na dirisha dogo, kisha asimamishe magodoro mawili kwenye kona na kusimama ameyapa mgongo. Wengi hutundika blanketi nyuma ya maiki tu, wakasahau kwamba sauti inayotoka mdomoni inagonga ukuta wa mbele na wa nyuma, ikirudi ndiyo inaleta mwangwi wa bafuni. Simu ikae shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isitazamane na pumzi. Kipimo ni kusema "papai, pipa, bibi": ukisikia "puh" kwenye hedifoni, isogeze pembeni zaidi.

Muda mzuri ni saa tano usiku hadi saa tisa, kabla ya majogoo. Mvua ikigonga bati, hakuna kazi. Feni izimwe, kwa hiyo arekodi dakika kumi, afungue mlango apoe, arudi. Friji nayo izimwe, na ufunguo wa nyumba auweke ndani yake, hatasahau kuiwasha. Kama kuna mvumo mwembamba usioisha, achomoe chaja ya laptop atumie betri. Mara nyingi mvumo huo unatoka kwenye umeme, chumba hakina kosa.

Faili liwe WAV (aina isiyobana sauti), mono yaani mkondo mmoja wa sauti, 48,000 Hz, biti 24. Sauti ya juu kabisa iishie kati ya −12 na −6 desibeli, na chumba kikiwa kimya kisizidi −60. Programu ya kurekodi ya Audacity ni ya bure na inaonyesha vipimo vyote hivyo. Asitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana inabana faili na herufi "s" inaharibika. Atume kama hati au kiungo.

Bi Mwongozaji
Naongeza kuhusu sampuli yenyewe, yaani lile faili la usaili. Dakika moja inatosha, moja na nusu ndiyo mwisho. Wahusika watano, kila mmoja sekunde kumi hivi, aliye bora atangulie. Mmojawapo awe sauti yake ya kawaida, kwa sababu hiyo ndiyo inayoombwa kuliko jini.

Kosa ninalolisikia mno ni wahusika watano ambao ni mtu mmoja aliyepandishwa na kushushwa. Tofauti haiko kwenye wembamba peke yake. Kibibi anavuta pumzi katikati ya neno. Mtoto anakimbilia mwisho wa sentensi kabla hajajua anachotaka kusema. Mtu mwenye hofu anameza mate. Huo ni uigizaji, na ndio unaolipwa.

Mtoto wa kiume kuchezwa na mwanamke ni jambo la kawaida, kwa sababu mvulana halisi sauti yake itavunjika na mhusika habadiliki. Nancy Cartwright ni sauti ya Bart Simpson, mvulana wa katuni ya The Simpsons, tangu 1987, na usaili alikwenda kwa ajili ya Lisa, dada yake Bart! Tara Strong ni Timmy Turner, mvulana wa katuni ya The Fairly OddParents, na ni yeye huyohuyo Harley Quinn, mwanamke mhalifu wa gemu ya Batman: Arkham City.

Namna ya kuishika: atabasamu kidogo, ulimi usogee mbele, sauti isikike usoni, isisukumwe kooni. Koo likiwasha ndani ya dakika tano, amepanda mno. Ashuke kidogo na aache mwendo wa maneno ubebe utoto. Kabla ya kuanza avumishe sauti kwa mrija ndani ya glasi ya maji, ncha ikizama sentimita mbili hivi, kwa dakika tano. Akichoka anyamaze kabisa. Kunong'ona si mapumziko.

Mtafsiri
Akitaka kuingiza sauti za Kiswahili kwenye katuni za nje, shida kubwa ni midomo. Katuni mpya kwa kawaida hurekodiwa sauti kwanza, ikachorwa kufuata sauti. Kwenye kuingiza lugha mambo yamegeuka: mdomo umeshachorwa, wewe ndiye unayeufuata. M, B na P ndizo zinazoonekana. Mhusika akisema "Help me!", tafsiri ya "Nisaidie!" ni sahihi, lakini midomo haifungi hata mara moja. "Jamani!" inafunga katikati, palepale anapofunga yeye. Halafu Kiswahili ni kirefu: "Run!" ni pigo moja, "Kimbia!" ni matatu. Ajizoeze kusema haraka bila kumeza herufi.

Na matamshi tafadhali. "Kura" isiwe "kula", "thamani" isiwe "samani". Lafudhi ya kusini asiiue, kuna wahusika watakaoihitaji. Ajue tu kuiwasha na kuizima.

Mkazi wa Shangani
Asanteni sana. Na gemu je? Ni kazi ileile?

Bi Mwongozaji
Hapana. Kwenye gemu anapewa jedwali, mistari mia au mia mbili, bila mwenzake wa kujibizana na mara nyingi bila mpangilio wa hadithi. Kila mstari aulize: naongea na nani, yuko umbali gani, kuna kelele gani? "Njoo hapa" ya mtu aliye hatua mbili si ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Pia mchezaji huchagua majibu, kwa hiyo sentensi moja inaweza kuhitaji hasira, huruma na ubaridi. Jennifer Hale alifanya kazi ya aina hiyo akiwa Commander Shepard, mhusika mkuu wa gemu ya Mass Effect, 2007.

Kisha kuna sauti za mwili: kuruka, kupigwa, kuanguka, kufa kwa haraka, kufa polepole, kila moja mara tatu. Aombe ziwekwe mwisho wa siku. Ukianza na mayowe, mistari yote inayofuata itatoka na mikwaruzo na itabidi irudiwe. Mzigo huu wa koo ulikuwa miongoni mwa sababu za mgomo wa waigizaji wa gemu wa SAG-AFTRA, chama cha waigizaji kule Marekani, 2016 hadi 2017.

Fundi Mitambo
Chama hichohicho kiligoma tena 2024, safari hii kuhusu akili mnemba. Kwa hiyo mkataba wowote ukija, hata wa matangazo ya redio hapo Mtwara, asome panapoandikwa "matumizi yote". Aombe paandikwe jina la kazi, idadi ya miaka, na sentensi moja kwamba sauti yake haitatumika kufundisha mashine wala kutengeneza nakala. Wakikataa kuiandika, asitume faili safi. Atume sampuli yenye mlio mfupi juu yake kila baada ya sekunde chache mpaka wakubaliane.