Naomba ushauri: ndoo ya asali ya lita 20 ina kilo ngapi?

Habari zenu wakuu. Nafuga nyuki, na asali nimezoea kuuza kwa ndoo. Mwezi huu mnunuzi kaja na bei ya kilo, akahesabu ndoo ya lita 20 kuwa kilo 20. Roho haikutulia. Nikaazima mzani: ndoo tupu gramu 900, ikijaa hadi alama ya lita 20 inasoma kilo 29.1. Gramu 900 ni kilo 0.9, nikitoa, inabaki asali kilo 28.2. Nikigawa kwa 20 napata kilo 1.41 kwa lita, sawa na gramu 1.41 kwa sentimita moja ya ujazo. Lita ya maji ndiyo kilo 1, asali ni nzito zaidi! Na nilishampa ndoo sita, karibu kilo 49 zimekwenda bure.

Sasa anataka tani nzima. Kwa hesabu yangu ni ndoo 35 na nusu hivi. Je, niko sahihi? Asali yenye maji mengi huwa nyepesi, kwa hiyo nipime kila ndoo, au ya kwanza inatosha? Na zile kilo 49 nimdaije bila kumpoteza mteja?