Urefu ni mtaji au mzigo? Na hizi ajira za "futi tano inchi nane" ni haki kweli?

Mwanzisha mada

Wadau habari za jioni. Niko Moshi, Pasua, kazi yangu kufunga umeme majumbani, kimo changu futi tano na inchi nne nikiwa na viatu, kwa hiyo mjue mapema anayeongea hapa siyo refa. Mdogo wangu wa tumbo moja, tumepishana miaka minne, yeye ana futi sita na inchi tatu. Tukishuka stendi watu wanampa yeye shikamoo halafu mimi naitwa dogo, na yeye bila aibu anaitikia marahaba.

Kilichonifanya niandike ni kijana wa jirani yetu. Wiki iliyopita alienda Arusha kwenye intavyu ya kampuni moja ya ulinzi, jina tuliache. Anasema bahasha ya vyeti hata hawakuifungua, walimsimamisha kwenye fremu ya mlango yenye mstari wa chaki, kichwa kikaishia chini ya mstari kama vidole viwili, akaambiwa asante kijana unaweza kwenda. Nauli ya Kosta kwenda na kurudi imeisha hivyo. Na huyu ndiye mwaka jana alimkimbiza mwizi wa betri ya sola mpaka darajani Karanga, akarudi naye kamshika mkanda.

Na siyo walinzi tu. Matangazo ya kujiunga na polisi huwa yanataka mwanaume asipungue futi 5 inchi 8, mwanamke futi 5 inchi 4, na shule yenyewe ya polisi iko hapa hapa Moshi. Swali langu ni dogo tu, hizo inchi zinapima nini hasa?

Sikatai urefu una faida zake jamani. Mdogo wangu anabadilisha taa ya darini bila kupanda popote, mimi natembea na ngazi ya alumini begani. Kwenye kikapu ndo kabisa, Hasheem Thabeet wetu mwenye sentimita 221 mwaka 2009 alichukuliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA, yaani pale timu za ligi ya kikapu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya, na Memphis Grizzlies, pale urefu ndiyo kazi yenyewe. Lakini hata huko huko, msimu wa 1987/88 timu ya Washington Bullets ilikuwa na Manute Bol wa Sudan sentimita 231 na Muggsy Bogues sentimita 160, jezi moja, na yule mfupi Bogues akadumu NBA misimu 14 maana ukidundadunda mpira mbele yake, mpaka wewe mlingoti uiname yeye keshaondoka nao.

Sasa njooni kwenye hasara, mimi ninayeishi na mrefu nyumba moja nizitaje. Kitanda. Vitanda vyetu vyote nchi hii ni nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita, yaani upana utachagua ila urefu ni futi sita basi. Mdogo wangu alilala miaka na miguu inaning'inia nje ya neti, mbu wakawa wanamla nyayo tu. Akaenda kwa seremala akachongewa kitanda cha futi saba, akafurahi, kufika dukani godoro la saba hakuna, ikabidi anunue la sita kwa sita akate kipande cha sponji azibe kule miguuni, na kile kipande kila usiku kinateleza kinadondoka, tunamsikia ukutani anapambana nacho. Viatu namba 47 anavizia soko la mitumba la Memorial belo zikifunguliwa. Kwenye Noah magoti yanagusa kidevu.

Na mwili wenyewe unalipa. Ukichukua umbo lile lile ukalikuza mara mbili kwa urefu, upana na unene, uzito unapanda mara nane ila mfupa ukiukata kati eneo lake, ambalo ndilo linabeba huo uzito, limepanda mara nne tu. Hata mgomba ukirefuka na mkungu ukijaa mzee anaukatia nguzo yenye panda anauegemeza, hasubiri upepo. Robert Wadlow wa Marekani, mtu mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa, sentimita 272, alikuwa anatembea na vyuma miguuni, mwaka 1940 chuma kikamchubua kifundo cha mguu, kidonda kikaingia vijidudu, akafa na miaka 22. Kwa watu wa kawaida kama sisi matokeo ni ngoma droo, tafiti nyingi zinaonyesha warefu wanazidi kidogo kupata saratani na damu kuganda kwenye mishipa, wafupi tunapata zaidi magonjwa ya moyo.

Kwa hiyo kama mwili mrefu siyo bora na mfupi siyo bora, chaki ya mlangoni inatafuta nini? Karibuni, mawe taratibu.

Chalii wa Sakina

Mkuu umeandika vizuri ila uchungu wa inchi nne unaonekana mpaka huku Chuga (Arusha) 😂. Ngoja nikwambie, mlinzi kazi yake ya kwanza siyo kupigana, ni kuonekana. Mimi nina baa ndogo, geti niliweka chalii mmoja mnene mfupi mpole, kila wikiendi ugomvi. Nikaleta jamaa wa futi sita na kitu, hajawahi kumgusa mtu hata siku moja, anasimama tu. Mlevi akiinua macho mpaka yafike usoni kwa jamaa keshatafakari. Hiyo nayo ni kazi na inalipwa.

Halafu fikiria nafasi mia, wameomba maelfu, wote wana cheti cha fomfoo, unachuja vipi? Urefu ni haraka, hauna rushwa, huwezi kughushi sentimita.

Mwanzisha mada

Hauna rushwa? Chaki kachora nani? Anyway hoja ya geti la baa nakupa, ile ni kazi ya kusimama uonekane. Ila polisi wana upelelezi, wana ofisi, wana dawati la jinsia, wana trafiki, huko urefu unasaidia nini. Ugiriki walikuwa na sheria ya mita 1.70 kwa wote wanaoomba upolisi, mwanaume na mwanamke, dada mmoja mwenye mita 1.68 akakataliwa akaenda mahakamani. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, 2017 wakasema kigezo kile kinawaumiza wanawake wengi kuliko wanaume, na kama kazi inataka nguvu basi kuna majaribio ya kupima nguvu yenyewe. Hata Emirates kwa wahudumu wa ndege wanakwambia unyooshe mkono ukisimama kwa vidole ufike sentimita 212, maana kuna kitu kule juu unatakiwa ukifikie. Hapo naelewa.

Mstaafu wa Mweka

Vijana nisikilizeni kidogo. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na moja kabla goti halijagoma. Pale getini kuna mzani, mzigo wa mpagazi mmoja mwisho kilo 20, wanapima begi. Sijawahi kuona hata siku moja anapimwa mpagazi. Na wapagazi wazuri niliotembea nao wengi walikuwa watu wafupi. Njia ya Machame kuna ule ukuta wa Barranco, unapanda umeshika mwamba, mtu mfupi mzigo wake uko karibu na ardhi hayumbi, yule mrefu upepo unamcheza na ndoo kichwani. Usiku Barafu kwenye hema utamkuta mrefu kajikunja kama chapati, asubuhi hajalala na ndiyo siku ya kwenda juu mita 5,895. Wakimbiaji wa mbali nao hivyo hivyo, Haile Gebrselassie alikuwa kama sentimita 165, mwili mdogo unapoa haraka.

Ila nisidanganye, kufunga hema kubwa la kulia wageni tulikuwa tunaita warefu.

Dada Mlingoti

Mimi ni mwanamke, sentimita 183, nimekulia Kibosho. Nyie wanaume mnalalamika inchi zimewakosesha kazi, mimi zimenikosesha hadi viti vya mbele. Toka darasa la kwanza "wewe kaa nyuma unawaziba wenzio", macho yangu mabovu kumbe, sioni ubao, miaka mitatu naitwa mzito wa kuelewa mpaka nilipopata miwani. Netiboli nikapewa GS, yaani mfungaji, bila kuulizwa kama napenda. Nikivaa viatu vya mchuchumio naambiwa nataka kushika mawingu. Wachumba wanapima kwanza kwa macho, ukisimama wanaaga.

Mwanzisha mada nakubaliana na wewe kwenye ajira ila usiseme warefu tunabebwa kila mahali, tunabebwa mkiwa nyie wanaume.

Nesi wa kliniki

Naomba nilete upande wangu maana mmeongea mlango mmoja tu. Kadi ya kliniki ya mama mjamzito ina sehemu ya kimo, akiwa chini ya sentimita 150 tunaweka alama, kwa sababu nyonga inaweza kuwa ndogo na mtoto akakwama, huyo tunamshauri ajifungulie sehemu yenye upasuaji. Hapo urefu ni uhai na siyo ubaguzi, na bado tunaendelea kumpima yeye mwenyewe, wengi wanajifungua salama kabisa.

Na hiyo nyonga mara nyingi hadithi yake ilianza zamani sana. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 umekuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, 2015/16 walikuwa 34, kwa hiyo tunashuka taratibu. Cha ajabu mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, kwenyewe ndiko kunakolimwa mahindi ya kulisha wengine. Mama yuko shambani toka alfajiri, mtoto anashinda na uji mweupe. Siku zile 1,000, toka mimba mpaka miaka miwili, zikipita vibaya urefu uliopotea haurudi wote, na akili nayo inaguswa. Wale wanaouziwa dawa za kurefuka mtandaoni na miaka 25, mifupa yenu ilishafunga, mnamtajirisha muuzaji.

Ila msianze kumwonea huruma kila mfupi mtaani, sehemu kubwa ya kimo tunarithi.

Chalii wa Sakina

Sasa nesi umenichanganya. Kama mfupi alidumaa na akili ikaguswa si ndo afadhali mwajiri achukue mrefu?

Nesi wa kliniki

Hapana kaka. Kumwangalia mtu kimo hakukwambii kama alidumaa au karithi kwa babu yake. Na kama unataka kujua akili, mpe mtihani, karatasi si ipo?

Mwanzisha mada

Nesi asante, hapo ndipo nilikuwa natafuta maneno. Mimi na mdogo wangu baba mmoja mama mmoja. Nilipozaliwa mama aliugua, nikapelekwa kwa bibi Rombo sijamaliza hata miezi sita, maziwa hakuna, nimekua kwa uji. Yeye kazaliwa mzee keshanunua ng'ombe, alikuwa anakunywa kikombe asubuhi kikombe jioni. Siwezi kuapa ndiyo sababu, labda yeye kamfuata mjomba tu. Ila nikifikiria yule kijana wa mlangoni, ambaye kwao nakujua, walikuwa saba na sufuria moja, naona kama amekosa chakula akiwa mtoto halafu leo anakosa kazi kwa sababu alikosa chakula.

Chalii, kwenye suala lako la kuchuja maelfu: weka mbio, weka ukuta wa kuruka, weka gunia la kilo sabini alivute mita thelathini. Utachuja mpaka ubaki na mia. Kuna warefu wataanguka pale na kuna wafupi utawashangaa.

Dada Mlingoti samahani, kweli niliandika kiume. Na kama unajua fundi godoro wa futi saba hapa Moshi niandikie, mdogo wangu kile kipande cha sponji kimeanza kukatika na usiku wa leo nimehesabu kimedondoka mara nne.